Mchagua jembe si mkulima: Mbona hadithi yako bado haijaandikwa?

NI saa nne usiku. Umekula, vyombo umeviacha kwenye sinki, na hatimaye umefungua kipakatalishi uandike ile hadithi uliyojiahidi tangu Januari. Unaanza na fonti. Unajaribu tatu, unarudi kwa ile ya kwanza. Kisha maswali yanabisha hodi. Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Kama ni Kiswahili, kile cha mwalimu au hiki chetu cha mtaani? Nianze na siku ya ajali au nianze utotoni? Niseme "mimi" ama nimpe mhusika jina? Jina gani?

Unaona heri kwanza uangalie wengine huanzaje. Video moja ya YouTube inazaa nyingine. Unaiomba programu ya akili unde ikupe mianzo kumi. Inakupa kumi, yote inakaa sawa, na sasa una swali jingine juu ya yale ya kwanza. Saa sita unusu unafunga mashine. Ukurasa ungali mweupe, lakini manze, fonti imeiva.

Cheka, ila usijiite mvivu. Mvivu angelala saa nne. Wewe umetoka jasho kwa saa mbili na nusu ukipima hili na lile, na kichwa kinakuuma kama mtu aliyefanya kazi. Umefanya, kweli. Shida ni kwamba ulitaka kila uamuzi uwe sahihi kabla ya kuandika neno la kwanza, na uamuzi wa namna hiyo hauishi. Wahenga walimjua mtu huyu kabla ya kompyuta kuja. Walisema mchagua jembe si mkulima.

Nataka tuzungumze kuhusu jembe hilo, kwa sababu mimi pia nimelichagua kwa miaka miwili, na kuna kitu nilikipoteza ambacho hakirudi.

Uliwahi kuweza

Hebu rudi kidogo kidato cha nne. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili, KCSE. Saa moja na dakika 45. Insha mbili: ya kwanza ya lazima, ya pili unachagua moja kati ya tatu zilizobaki. Kila insha isipungue maneno 400. Kalamu ni ya wino, haifutiki, na msimamizi anatembea kati ya madawati viatu vikilia.

Ukaandika. Uliyekuwa na miaka 17 au 18, ukiwa na njaa na woga, uliandika maneno 800 na zaidi kabla ya chakula cha mchana. Leo una mashine inayofuta na kurudisha, una kamusi kwenye simu, umeishi mengi kuliko wakati ule, na maneno 200 yanakutoa kijasho wiki nzima. Nini kilitokea?

Msamiati haujapungua. Kilichopungua ni mipaka. Ndani ya chumba kile cha mtihani, maamuzi mengi yalikuwa yamekwisha kufanywa na watu wengine: lugha, urefu, aina ya utungo, muda. Ulibakiziwa milango mitatu, ukaingia mmoja. Hakuna aliyekuuliza kama huo ndio mlango bora kuliko yote duniani. Saa ilikuwa ukutani na ilikuwa inatembea.

Lakini shule hiyo hiyo ilituachia kitu kingine tunachotembea nacho hadi leo: kalamu nyekundu. Tulijifunza kwamba maandishi yanaonekana mara moja tu, mwishoni, na anayeyaona anahesabu makosa. Hijai, alama imeenda. Sarufi, alama imeenda. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuketi na mwalimu juu ya rasimu, akaipitia, tukairudia mara ya tatu? Basi tukatoka shuleni tukiamini kwamba sentensi ya kwanza kuandikwa ndiyo itakayosomwa. Ukiamini hivyo, ni haki yako kuogopa kuiandika.

Jemu 24 na mada 30

Kuna wanasaikolojia wawili, Sheena Iyengar na Mark Lepper, ambao mwaka 2000 walichapisha majaribio yaliyokuja kuwa maarufu sana. Katika duka la vyakula huko California, Marekani, waliweka meza ya kuonjesha jemu. Kuna wakati meza ilikuwa na aina 24, na kuna wakati ilikuwa na aina sita tu. Meza yenye nyingi ilivuta watu wengi zaidi. Lakini kati ya waliosimama hapo, ni asilimia 3 pekee walionunua. Kwenye meza ya aina sita, asilimia 30 walinunua.

Jemu imesimuliwa hadi ikachoka. Jaribio la pili ndilo linalotuhusu sisi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliambiwa wanaweza kuandika insha fupi wapate alama za ziada. Baadhi walipewa mada sita za kuchagua, wengine 30. Waliopewa sita, asilimia 74 waliandika. Waliopewa 30, asilimia 60. Na insha za wale wa mada sita zilikuwa nzuri zaidi kidogo.

Tusitie chumvi. Watafiti waliorudia kazi za aina hii baadaye waligundua kwamba wingi wa machaguo haumkwamishi kila mtu kila mahali. Kuna siku unaingia supamaketi yenye sabuni aina 40 na unatoka na yako bila matatizo, kwa sababu tayari unajua unachotaka. Anayekwama ni yule asiyejua bado anataka nini, na bado anataka kisichokosea. Huyo, rafiki yangu, ndiye mwandishi mbele ya ukurasa mweupe.

Kinachotosha na kilicho bora kabisa

Msomi Mmarekani Herbert Simon, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliandika katika miaka ya 1950 kwamba binadamu hawezi kupima kila njia iliyopo ndipo achague. Akili haina nafasi hiyo na siku haina saa hizo. Kwa kawaida tunajiwekea kipimo, tunatafuta hadi tupate kitu kinachofikia kipimo hicho, halafu tunaacha kutafuta.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2002, Barry Schwartz na wenzake wakaangalia tofauti kati ya watu wa aina mbili: wanaotosheka na kinachofaa, na wanaotaka lazima kilicho bora kuliko vyote. Hawa wa pili waliripoti majuto zaidi na furaha kidogo. Mwaka 2006, Iyengar, Rachael Wells na Schwartz waliwafuata wahitimu wa vyuo waliokuwa wakitafuta kazi. Wale wa kutaka kilicho bora walipata mishahara ya kuanzia iliyokuwa juu kwa takriban asilimia 20. Hata hivyo, hawakuridhika kama wenzao.

Asilimia 20 si mchezo, hasa ukiwa unalipa kodi ya bedsita. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kuchagua kwa makini ni ugonjwa. Kuna mahali kunalipa. Swali ni kama ukurasa wako ni mahali pa aina hiyo.

Gikomba si kichwani

Fikiria Gikomba asubuhi na mapema, bale la shati linafunguliwa. Wanaofika wakati huo ndio wanaopata kamera, zile nguo za kwanza ambazo hazijaguswa na mtu. Anayefika saa tisa mchana anakuta fagia. Hapo, mwenye jicho na subira anafaidi. Anapekua, analinganisha kola, anaangalia kwapa, anaacha shati hili kwa sababu lile lina kitambaa kizito. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu mashati yote yako hapo, anayashika. Hata kazi za wale wahitimu zilikuwa hivyo: zilikuwepo, zina mshahara, zina jina la kampuni. Kutafuta sana kulimaanisha kuona mengi.

Sasa niambie, sentensi yako ya kwanza iko kwenye bale gani?

Haipo. Hakuna mahali ilipokunjwa ikikungoja uifikie. Mianzo mitatu unayoilinganisha kichwani ni ukungu na ukungu. Kila mmoja unang'aa, kwa sababu bado haujagongana na neno la pili. Ndiyo maana unaweza kupima saa mbili bila kupata mshindi. Huna mashati mkononi. Unalinganisha ndoto za mashati.

Hiki ndicho ningetaka ukibebe kutoka makala haya hata ukisahau yale mengine yote: katika kuandika, chaguo linazaliwa baada ya kuandika. Ukitaka kujua kama hadithi ianze na ajali au utotoni, andika aya ya ajali, andika aya ya utotoni, dakika kumi kila moja. Sasa una mashati mawili. Lipi linakaa? Mara nyingi utajua kabla hujamaliza la pili.

Spana ya babu

Nilisema kuna kitu nilikipoteza.

Babu yangu alikuwa fundi wa mabehewa ya reli hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 30. Aliishi Muthurwa enzi ilipokuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli, na alikuwa na hadithi ambazo ukimletea chai ya tangawizi zilitoka zenyewe. Moja ilihusu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika moja la reli likawa vipande vya nchi tatu. Alikuwa na rafiki Mtanzania waliyefanya kazi benchi moja. Rafiki akafunga virago kurudi kwao. Kabla ya kuondoka akamwachia babu kifaa chake cha kazi. Hawakuonana tena.

Nilijua hiyo ni hadithi. Nilijua kabisa. Nikajiambia nitaiandika, lakini niiandike inavyostahili. Hapo ndipo nilipoanza kuchagua jembe. Kiswahili au Kiingereza? Iwe riwaya au makala? Nianze na Muthurwa au nianze na kijiji alikozaliwa? Nimrekodi kwa simu, au ningoje hadi ninunue kinasa sauti cha maana? Nilitengeneza folda. Ndani ya folda nikatengeneza folda nyingine. Niliwaambia marafiki kwamba ninafanya kazi juu ya kitabu kuhusu babu, wakanipongeza. Pongezi hizo zilikaa vizuri tumboni, kama chakula. Kila nilipokwenda kumwona nilikunywa chai naye, na sikumuuliza lolote, kwa sababu muundo wa kitabu haukuwa umekaa sawa na sikutaka kuuliza maswali ya ovyo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Babu akaugua wiki tatu, akaondoka.

Siku mbili kabla ya mazishi, saa mbili usiku, shangazi akanipigia. "Si wewe ndiye mwandishi? Wasifu wa baba unatakiwa na kijana wa kuchapisha pale River Road kesho asubuhi saa mbili. Ukurasa mmoja na nusu. Usiniangushe."

Nikaketi. Maamuzi yaliyonishinda kwa miaka miwili niliyafanya kwa dakika kumi. Kiswahili, kwa sababu wazee wa reli watakuja. Nianze Muthurwa, kwa sababu ndiko ninakokujua. Ukurasa mmoja na nusu, kwa sababu shangazi kasema. Saa saba usiku nilikuwa nimemaliza. Haikuwa kazi nzuri. Kulikuwa na aya iliyorudia jambo moja mara mbili, na mahali fulani niliandika kwamba rafiki yake alimwachia nyundo, maana sikukumbuka vizuri na hakukuwa na wa kumpigia simu.

Siku ya mazishi, baada ya wasifu kusomwa, mzee mmoja aliyevaa koti la kale alinyanyuka na fimbo yake. Akaomba radhi kwa familia. Akasema, "Huyu mjukuu amesema vizuri, lakini haikuwa nyundo. Ilikuwa spana. Na mwenye spana hiyo alikuwa mtu wa Tabora." Akalitaja jina lake. Akaeleza siku ile walivyosimama stesheni, yeye akiwa wa tatu wao, na jinsi babu alivyokataa kupunga mkono.

Nilikuwa nimeketi kiti cha plastiki nyuma ya hema na nilishindwa kuinua kichwa. Kosa langu moja lilileta ukweli ambao ukimya wangu wa miaka miwili haukuuleta. Kama ningeandika ukurasa ule ule, na nyundo yake ile ile, babu akiwa hai, nikamsomea juu ya chai, yeye mwenyewe angenikatiza: "Wacha wewe, nyundo gani?" Na angeendelea. Sasa najua ilikuwa spana, najua ni Tabora. Sijui kwa nini marafiki wale wawili hawakuandikiana hata barua moja. Mzee wa koti la kale naye hajui. Aliyejua tulimzika Jumamosi hiyo.

Maandishi mabaya yanaweza kusahihishwa na mtu yeyote aliye karibu. Yaliyo kichwani hayana wa kuyasahihisha.

Karatasi ya Kamiti

Utasema labda waandishi wakubwa walikuwa na nafasi, utulivu na meza nzuri. Angalia hawa wawili.

Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu alichokiandika kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi? Alitoka mwaka 1972. Humo gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yakatoka kama diwani, Sauti ya Dhiki, ambayo hadi leo inasomwa na wanaosoma ushairi wa Kiswahili.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka 1977 akawekwa kizuizini Kamiti bila kufunguliwa mashtaka, hadi Desemba 1978. Humo aliandika riwaya yake ya kwanza kwa lugha ya Gĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, naye pia kwenye karatasi za chooni. Ilichapishwa mwaka 1980, na Kiswahili chake, Shetani Msalabani, kikafuata.

Simaanishi jela ni shule ya uandishi. Ilikuwa dhuluma, na hakuna anayepaswa kuitamani. Ninachotaka uone ni karatasi yenyewe. Huwezi kungoja karatasi bora zaidi pale. Kwa anayeandika katika hali hiyo, swali la kama vifaa vinafaa limekwisha kujibiwa: hivi ndivyo vilivyopo. Lililobaki ni neno linalofuata.

Na wala usidhani kwamba kilichoandikwa kwanza ndicho kilichokwenda sokoni. Riwaya ya Ngũgĩ iitwayo The River Between ilitoka mwaka 1965, lakini alianza kuiandika akiwa mwanafunzi wa Makerere, kwa ajili ya shindano la uandishi, tena ikiwa na jina jingine kabisa. Shindano lina tarehe ya mwisho. Tarehe inafika, mswada unatoka mikononi, halafu kazi ya kuung'arisha inaendelea. Jina linaweza kubadilika baadaye. Jina lilikuwa limeandikwa kwa penseli.

Penseli na wino

Basi tufanye nini? Nitakupa yale ninayoyatumia mimi.

La kwanza, kabla hujakaa kupima uamuzi wowote, jiulize: huu ni wa penseli au wa wino? Wa penseli ni ule ambao ukikosea, unaubadilisha kesho na hakuna aliyeumia. Karibu kila kitu kwenye rasimu ni penseli: lugha, mwanzo, majina ya wahusika, kichwa, nafsi, hata mwisho. Wa wino ni ule ambao ukishatoka hauna kurudi. Kuweka siri ya dada yako mtandaoni. Kumtaja mtu kwa jina na kumsingizia wizi. Kutia sahihi mkataba wa haki za kazi yako bila kuusoma. Hayo, tafadhali, yachukulie wiki, uliza watu, lala nayo. Shida yetu ni kwamba tunakwenda kinyume: tunakesha juu ya jina la mhusika, halafu tunachapisha siri ya mtu kwa sekunde tatu tukiwa kwa matatu.

La pili, punguza milango. Jirudishe mwenyewe kidato cha nne. Usijiulize "niandike kuhusu nini?" Andika mada tatu kwenye karatasi, weka saa dakika tano, chagua moja. Ikikushinda, rusha shilingi. Ukirusha halafu ukasikia moyo ukikataa jibu, poa, umejua unataka ipi.

La tatu, acha pengo uendelee. Umefika mahali hujui mwaka, au hujui kile kifaa cha fundi kinaitwaje, au hujapata neno tamu la kueleza harufu ya Muthurwa mvua ikinyesha. Usitoke kwenda kutafuta. Weka mabano, andika kwa herufi kubwa ULIZA SHANGAZI, songa mbele. Ukitoka kwenda mtandaoni kutafuta mwaka mmoja utarudi saa sita unusu, tunakujua. Siku ya pili, mapengo hayo ndiyo orodha yako ya maswali. Na orodha ya maswali ni kisingizio kizuri cha kumtembelea mzee.

La nne, weka kipimo cha kutosha kabla ya kuanza, na kiwe kinachohesabika. "Leo nitaandika vizuri" si kipimo, ni mtego. "Leo ni maneno 300, kuhusu jikoni kwa nyanya, hadi saa nne unusu" ni kipimo. Ukifika, simama. Hata kama una moto, simama, andika kijisentensi cha kukukumbusha ulikuwa unaelekea wapi kesho, ukaoshe vile vyombo.

La tano, mpe mpenda ukamilifu siku yake. Simfukuzi. Yule mtu ndani yako anayesikia neno likikaa kombo ni wa thamani, na bila yeye tungesoma takataka. Ila amekuja mapema mno, kama mgeni wa chakula cha jioni anayebisha ukiwa bado unachambua mchele. Mwambie arudi Jumamosi. Jumamosi ukiwa na kurasa sita za ovyo mbele yako, mfungulie mlango, mpe kalamu nyekundu, mwache akate. Atafurahi, maana sasa ana kitu cha kukata. Na hifadhi rasimu ya zamani kwa jina lake, rasimu ya kwanza, ya pili, ili usiogope kukata. Kilichohifadhiwa kinaweza kurudi.

Koroma

Kuna methali nyingine, dada wa ile ya jembe: mchagua nazi hupata koroma. Anayegonga kila nazi akiiacha, mwisho hubaki na isiyokomaa. Nimeona wasee wenye vipaji, watu ambao kwenye WhatsApp wanakuandikia ujumbe mmoja unacheka hadi unalia, lakini hawana ukurasa mmoja waliomaliza. Miaka inaenda. Kisha siku moja wanaitwa waandike kitu usiku mmoja, kwa sababu kuna mchapishaji anangoja asubuhi, na wanaandika kwa kukimbia kile ambacho wangekuwa wamekipika polepole.

Sitaki uandike kwa namna niliyoandika mimi, saa saba za usiku, mwenye hadithi akiwa mochari.

Kwa hivyo nikuombe jambo moja. Kuna mtu ambaye hadithi yake unaibeba. Labda ni nyanya yako, labda ni jirani aliyekulea, labda ni wewe mwenyewe wa mwaka ule mlipohama usiku. Kama mtu huyo bado anashika simu, andika ukurasa mmoja leo, kwa lugha itakayokuja kwanza, na fonti iliyopo. Weka nyundo mahali usipokumbuka. Kisha Jumapili uende, umpelekee sukari na majani ya chai, umsomee.

Akikukatiza kukusahihisha, nyamaza. Andika.